Tushukuru Katika Matope, Si kwa Ajili ya Matope



Kuna usemi ambao msibani haukosekani: "Kazi ya Mungu haina makosa." Tunausema haraka, mara nyingi kwa nia njema, kwa sababu mfiwa amekaa mbele yetu mkekani na hatujui la kumwambia. Kisha huongezwa wa pili, kwamba tushukuru kwa yote. Sisi mafrateri, tunaporudi parokiani wakati wa likizo, tunatarajiwa kuyasema maneno hayo kuliko watu wengine. Tunadhani yafaa tuyapime kwanza.

Tuanze na Mtakatifu Paulo, maana ndiye anayesingiziwa. Katika Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike 5:18 anawaagiza Wakristo washukuru, na tafsiri ambayo wengi wetu tumekua nayo inatumia neno dogo "kwa". Neno hilo katika Kiswahili lina mlango mpana. Ni rahisi kulisikia kama "kwa ajili ya". Lakini Kigiriki cha Paulo kina "en", yaani "katika". Shukrani isikome katika hali yoyote: hilo ndilo agizo. Paulo hakusema kwamba kila hali yenyewe iitwe zawadi.

Tofauti hiyo si ya darasani tu. Desemba 3, 2023, Jumapili ya Kwanza ya Majilio, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka, na matope, mawe na magogo yakauvamia mji wa Katesh na vijiji jirani mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walifariki. Je, aliyemzika mwanawe wiki ile alipaswa kumshukuru Mungu kwa ajili ya tope lile? Tunasema hapana, bila kigugumizi. Mtakatifu Augustino anafundisha kwamba ubaya si kitu kinachosimama chenyewe, bali ni upungufu wa wema uliopaswa kuwapo. Ni kama tundu katika nguo. Hakuna anayemshukuru fundi kwa tundu. Anamshukuru kwa nguo.

Na nguo ilikuwapo. Siku zile zile askari walichimba tope wakitafuta watu, shule ziligeuzwa makazi ya muda, na chakula, magodoro na blanketi vikaletwa kutoka mikoa mingine. Huo ulikuwa wema ambao tope halikuweza kuufunika. Anayemshukuru Mungu kwa huo hadanganyi, wala hamsahau aliyezikwa.

Mtu atatuuliza: na Ayubu je? Si alilibariki jina la Bwana siku ile ile alipopoteza watoto na mali? Ni kweli, sura ya kwanza. Shida yetu ni kwamba wengi tunaishia hapo. Kuanzia sura ya tatu Ayubu anailaani siku aliyozaliwa na kumdai Mungu majibu, huku rafiki zake wakimtetea Mungu kwa maneno mazuri yanayofanana sana na yetu ya msibani. Mwishoni (42:7) Mungu anawakasirikia hao marafiki na kusema Ayubu ndiye aliyenena sawa. Kanisa nalo halituzuii kulia. Kila Ijumaa, katika sala ya usiku, linatupa Zaburi ya 88, ambayo haimaliziki kwa sifa bali gizani. Tunaisali, kisha tunakwenda kulala.

Tena kuna hatari ambayo haisemwi sana. Mama akifa katika kujifungua kwa sababu damu haikuwapo, au kijana akigongwa na dereva aliyelewa, nasi tukasema ni kazi ya Mungu, tumemsingizia Mungu na kumwachia huru aliyezembea. Wazembe wanaipenda sana shukrani ya namna hiyo.

Basi shukrani ya kila siku ni ipi? Hapa Mtakatifu Thomas wa Akwino anasaidia kuliko vitabu vya hamasa. Katika Summa Theologiae anaweka ngazi tatu: kuutambua wema tuliotendewa, kutoa asante kwa maneno, kisha kuulipa kwa wakati na mahali panapofaa, kadiri ya uwezo. Wahenga wanaposema shukrani ya punda ni mateke, wanalenga ngazi ya tatu. Thomas anaona utovu wa shukrani ulio mbaya kuliko wote uko kwenye ile ya kwanza, yaani kutoutambua wema kabisa. Asiyelipa huenda hana kitu. Asiyeona hana hata pa kuanzia.

Na jicho hufundishwa kila siku, si kwenye Misa ya shukrani pekee. (Tunazipenda Misa hizo, pamoja na pilau zake, lakini turubai hufunguliwa jioni hiyo hiyo.) Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliupanga uchunguzi wa dhamiri uanze na shukrani kwa mema yaliyopokelewa, kabla ya kutafuta dhambi. Wengi wetu tunaanza na makosa, na usingizi unatukuta huko huko. Tujaribu utaratibu wake, na mema tuyataje kwa majina. "Asante kwa baraka zote" inaweza kusaliwa bila moyo. Asante kwa jirani aliyekesha nasi hospitalini haiwezi.

Kardinali François-Xavier Nguyen Van Thuan wa Vietnam alikaa kifungoni miaka 13, kuanzia 1975 hadi 1988, tisa kati yake akiwa peke yake. Divai ilimfikia kama dawa ya tumbo. Kwa matone matatu ya divai hiyo na tone moja la maji, katika kiganja chake, aliadhimisha Ekaristi, neno ambalo kwa Kigiriki maana yake ni shukrani. Hakushukuru kwa ajili ya gereza. Alishukuru gerezani, kama Bwana alivyoshukuru usiku ule aliotolewa.

Tunapendekeza jambo moja kwa Jumuiya Ndogo Ndogo zetu. Kiongozi anapowaomba wanajumuiya wataje, mmoja mmoja, jambo la kumshukuru Mungu, mwenye msiba asilazimishwe. Akitaka kulalamika, alalamike; Zaburi zimempa ruhusa. Akinyamaza, majirani wataje kwa niaba yake mema waliyoyaona: nani alilala naye matangani, nani alimchotea maji, nani bado anamtembelea ingawa arobaini imeshapita.