Grampound Ilinyongwa, Mnunuzi Akarudi Bungeni

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mwaka 1821 Bunge la Uingereza liliunyang'anya mji mdogo wa Grampound, huko Cornwall, viti vyake 2 kwa kosa la kuuza kura. Wapo wanaoisifu sheria ile kuwa ushindi dhidi ya rushwa. Nasema wazi: ilikuwa haki ya upande mmoja.

Sikatai kwamba Grampound ilikuwa na hatia. Tangu karne ya 16 kijimji kile kilipeleka wabunge 2 London, na wapiga kura wake, wasiofika mia moja, waligeuza kura kuwa riziki. Waliuza, tena bila haya. Lakini hakuna muuzaji pasipo mnunuzi, na mnunuzi anajulikana kwa jina: Sir Manasseh Masseh Lopes, tajiri mkubwa. Mwaka 1819 alitiwa hatiani kwa kuwahonga wapiga kura wa Grampound, akahukumiwa kifungo cha miaka 2 na faini ya pauni 10,000.

Sasa tazameni kilichofuata. Kabla ya miaka hiyo miwili kwisha, Lopes alikuwa amerudi Bungeni, safari hii kama mbunge wa Westbury, mji mwingine mdogo ambao uchaguzi wake aliushika mkononi mwenyewe. Mwaka 1829 Robert Peel, Waziri wa Mambo ya Ndani, aliposhindwa uchaguzi wa Chuo Kikuu cha Oxford, Lopes alijiuzulu ili kumpisha. Waziri akaingia Bungeni kwa mlango wa mtu aliyefungwa kwa rushwa! Grampound ilinyamazishwa milele. Mnunuzi wake akabaki na uwezo wa kugawa viti.

Na vile viti 2 vilikwenda wapi? Mbunge Lord John Russell alitaka vipewe Leeds, mji wa viwanda wenye makumi ya maelfu ya watu na usio na mbunge wake hata mmoja. Bunge la Malodi likakataa. Viti vikaenda kwa kaunti nzima ya Yorkshire, ambako mwenye ardhi ndiye aliyekuwa na sauti. Nao watu wa Manchester, mji mwingine usio na mbunge, walipokusanyika Agosti 1819 katika uwanja wa St Peter kudai uwakilishi, walikatwa kwa mapanga ya askari wa farasi. Waliouawa ni 15 au zaidi. Aliyenunua kiti alipewa wakili na siku yake mahakamani. Walioomba kiti bila senti walipewa panga.

Ilibidi kungoja hadi 1832 ndipo miji 56 ya aina ya Grampound ilipofutwa, na Leeds na Manchester zikapata wabunge. Kura ya siri haikuja hadi 1872. Miaka yote hiyo mwenye nyumba aliweza kumtazama mpangaji wake akitaja jina la mgombea hadharani.

Msomaji, usidanganywe na sheria inayomkamata mpokea hongo na kumwacha mtoaji ajipange upya. Rushwa ya uchaguzi huanzia kwenye mfuko ulionona, na huko ndiko adhabu ianzie. Anayenunua kura afungiwe mlango wa Bunge maisha yake yote.