Gari Likikwama Njia ya Mandera

Dereva nchini Kenya huaswa kila uchao kwamba haraka haraka haina baraka. Ni wasia mwema. Aghalabu, hata hivyo, husahaulika kuwa upo wasia mwingine unaomfaa yule ambaye wajibu wake ni kuifungua barabara iliyozibwa: ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika njia ya Mandera, ngoja ngoja imeumiza zaidi ya matumbo.

Mnamo Novemba 22, 2014, basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilivamiwa na abiria 28 wakauawa. Taarifa za siku zile zilieleza kwamba dereva alijaribu kuwatoroka wavamizi lakini gari likanasa katika tope la mvua. Desemba 21, 2015, basi jingine lilishambuliwa karibu na El Wak. Wengi hulikumbuka tukio hilo, na ni haki walikumbuke, kwa sababu ya abiria Waislamu waliokataa kutengwa na wenzao Wakristo. Lisilotajwa sana ni kwamba gari la polisi la kulisindikiza basi lilikuwa limeharibika, nalo basi likaendelea na safari peke yake. Waama, walioua ni wenye bunduki. Lakini katika nyika ile gari lililosimama ni windo, na kila saa linapobaki pale huongeza hatari kwa waliomo na kwa wanaolifuata.

Wapo wanaoshikilia kwamba mradi wa kuitia lami barabara ya Isiolo, Wajir hadi Mandera utayamaliza haya yote. Je, ni kweli? Barabara ya Garissa kwenda Nairobi ina lami tangu zamani. Aprili 9, 2024, basi lenye abiria 51 lilisombwa na mafuriko katika barabara hiyo, na abiria wakaokolewa kwa juhudi za Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya na wenzao. Maji hayakupungua, biashara na masomo havikungoja, na wasafiri wakageukia mashua. Aprili 28, mashua iliyosheheni watu ikapinduka eneo la Kona Punda, Madogo. Watu 23 waliokolewa, wengine walizama. Barabara isipofunguliwa kwa wakati, msafiri hujifungulia njia yake, nayo huwa mbaya kuliko ile ya kwanza.

Kwa hiyo bajeti ya barabara ya kaskazini mashariki haina budi kuhesabu pia gari la kuvutia malori yaliyokwama, wahudumu wake, na mashua za dharura zenye jaketi za kuokolea, vikae Garissa, Wajir, El Wak na Mandera kabla ya mvua kunyesha. Kutoka Nairobi hadi Mandera ni takriban kilomita 1,000. Msaada unaoagizwa kutoka mbali hukuta mambo yamekwisha. Patataka ulinzi pia, kwani fundi hawezi kutumwa penye mabomu ya kutegwa akiwa na spana tu.

Hadi hayo yatimie, kazi imeachiwa utingo mwenye sepetu, ambaye akishindwa huvunja matawi ya mgunga na kuyatandaza nyuma ya lori ili anayekuja ajue mbele kuna kizuizi. Mchana kila dereva huisoma lugha hiyo. Usiku matawi hayaonekani.