Kuizeesha saa mpya: Gharama, si rasilimali

Umezuka mtindo wa watu kununua saa mpya ya mkono na kuifanya ionekane ya babu. Safu hii haina ugomvi na mtindo huo; saa ni ya mwenyewe. Ugomvi wetu unaanza pale saa hiyo inapopelekwa sokoni.

Kazi yenyewe ni rahisi. Saa ya bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, hufungwa kwenye mfuko pamoja na yai la kuchemsha lililopondwa. Salfa inayotoka kwenye yai huigeuza shaba kuwa ya kahawia. Mvuke wa siki na chumvi huleta ukijani. Mkanda huchovywa kwenye chai ya rangi. (Wanaotumia dawa ya kung'arishia nguo kufifisha rangi wasiichanganye kamwe na siki: hutoa hewa ya sumu.) Kasha la chuma kisichoshika kutu haligeuzwi na yai wala siki, wengi huishia kulikwaruza kwa msasa.

Sasa tupige hesabu. Anayefungua saa ili aubabue uso wake anaweza kupoteza dhamana ya kiwanda na uwezo wa saa kuzuia maji. Thamani imeshuka, haikupanda. Kwenye vitabu, hiyo ni gharama.

Watakaopinga watataja saa ya Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman, iliyouzwa mnadani New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Lakini mnunuzi hakulipia uchakavu. Alilipia ushahidi: ilijulikana ilikuwa ya nani, na nyuma yake yamechongwa maneno ya mkewe. Ushahidi hauchemshwi jikoni.

Mfano wa pili unatisha zaidi. Mwaka 2021, Omega Speedmaster yenye uso uliogeuka kahawia iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya faranga za Uswisi milioni 3. Mnunuzi alikuwa Omega wenyewe, kwa ajili ya makumbusho yao. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilieleza kuwa saa ile iliungwa kwa vipuri vya saa mbalimbali. Ikiwa mtengenezaji amenasa, mwenye mtaji mdogo ajiulize mara mbili.

Ushauri wetu ni huu. Muuzaji, andika kwenye risiti kwamba saa imezeeshwa kwa mkono, na uiuze kwa bei ya saa iliyotumika. Mnunuzi, dai karatasi zake, mpe fundi saa aifungue, alinganishe namba na vipuri na umri unaodaiwa. Pasipo ushahidi, lipia mashine na kasha, usilipie miaka.

Uchakavu hupatikana kwa usiku mmoja. Jina la mfanyabiashara mwaminifu huchukua miaka, na likichafuka halina fundi.