Matumbawe Laini Yapewe Majina Hapa Pwani

Mwaka 1889 Mjerumani Franz Stuhlmann alikusanya matumbawe laini katika pwani ya Afrika Mashariki, yakaishia kwenye makumbusho ya Hamburg. Mwaka 1898 mtaalamu aitwaye May aliyachambua, na katika andiko hilohilo jenasi ya Sinularia ikapata jina. Leo hiyo ni miongoni mwa jenasi kubwa kabisa za matumbawe laini duniani. Cyril Crossland naye alikusanya Unguja na pwani ya Kenya mwaka 1901 na 1902, Thomson na Henderson wakachapisha matokeo mwaka 1906. Zaidi ya karne imepita, na bado mtafiti wetu anayeshuku kwamba amepata spishi mpya huko Pemba au Watamu hana budi kubisha hodi Ulaya.

Hali hiyo inabadilishika, tena kwa fedha zisizotisha.

Tumbawe laini kwa kawaida halijengi mwamba kama ndugu yake mgumu. Kila polipu ina minyiri minane yenye vinyoya pembeni, na ndani ya nyama mna vichembe vya chokaa, vingi vikiwa vidogo mno kuonekana kwa macho matupu. Vichembe hivyo ndivyo kitambulisho chake, kwa kuwa sura ya nje hudanganya: likiguswa hunywea, likitiwa kwenye spiriti rangi huondoka. Kwa hiyo mtafiti hulipiga picha likiwa hai majini, kisha hukata kipande cha juu na kingine cha shina, maana vichembe vya kwenye ngozi havifanani na vya ndani. Nyama huyeyushwa kwa jiki, ileile ya kufulia mashuka, na kinachobaki hutazamwa kwa hadubini: vingine vina umbo la rungu, vingine vimechongoka ncha zote mbili na kujaa vinundu. Picha za kuchapisha huhitaji hadubini ya elektroni, lakini hatua za mwanzo maabara ya chuo chochote cha pwani inaziweza.

Wapo wasemao kwamba vipimo vya jeni vimeshaifuta kazi hiyo. Havijaifuta. Jeni ya mtMutS, inayotumika sana kutambua matumbawe haya, hubadilika polepole mno, kiasi kwamba spishi mbili za karibu zaweza kuonekana moja. Ndiyo sababu siku hizi husomwa mamia ya jeni kwa pamoja; kwa njia hiyo watafiti McFadden, van Ofwegen na Quattrini walilipanga upya kundi zima mwaka 2022. Hata hivyo, maelezo ya spishi mpya bado huandikwa kwa vichembe na jeni pamoja.

Faida ya kuzitambua spishi hizi? Tangu matumbawe yetu yapauke mwaka 1998, miamba hupimwa mara kwa mara, lakini kwenye fomu nyingi matumbawe laini yote huandikwa safu moja. Spishi ikitoweka ndani ya safu hiyo, nani atajua? Wakemia nao husaka viambato vya dawa katika jenasi za Sinularia na Sarcophyton. Wakiishia kutaja jenasi tu bila kuhifadhi sampuli, mwingine hana la kurudia.

Tangu mwaka 2000 kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinamtaka anayetangaza spishi mpya ataje sampuli yake ya msingi na mahali itakapohifadhiwa. Hazisemi mahali hapo pawe Leiden au London. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar na KMFRI ya Mombasa, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, zipewe fedha za chumba, rafu, spiriti na mtunzaji mwenye ajira ya kudumu. Ajira hiyo, tunajua, ndiyo itakayofyekwa kwanza bajeti ikibana; isifyekwe. Vibali vya utafiti navyo viseme wazi kwamba sampuli ya msingi inabaki nchini. Wageni wenye ujuzi waendelee kuja, na kila mmoja afanye kazi na mwanafunzi wa hapa, jina la mwanafunzi huyo liandikwe miongoni mwa waandishi pale spishi inapotangazwa. Wanafunzi wawili wa uzamivu kwa kila nchi wangetosha kuanzia.