Tundu Kubwa Si Besi Kubwa

Wasee, leo nataka tubishane kuhusu tundu.

Kila ploti iko na msee amejitengenezea sabwufa. Boksi ya MDF, kapeti nyeusi, spika ya inchi 10. Safi kabisa. Lakini muulize mbona alichagua ile poti na urefu ule, atakuambia "ndio ilikuwa dukani" au "inang'aa". Spika alichagua wiki mbili, poti akachagua dakika mbili. Na mimi nasema poti ndio inaamua kama hiyo spika itaishi.

Najua kwa sababu niliua yangu. Pesa ilikuwa ya mjengo, wiki tatu za kubeba mawe likizoni. Nikanunua spika, nikapeleka mbao kwa fundi mmoja mtaani. Akanitobolea tundu la inchi 4, akaweka bomba fupi la plastiki lenye pete ya fedha, urefu kama sentimita 4 hivi. Nikamuuliza, "Fundi, si hii ni fupi?" Akaniambia, "Kijana, tundu kubwa ndio besi kubwa." Nikasema sawa. Kwani mimi ni nani nibishane na fundi?

Siku ya kwanza ilipiga hadi masufuria ya jirani yakaongea. Siku ya nne, wimbo wenye besi ya chini kabisa, nikasikia tak! tak! tak! Koili ilikuwa inagonga nyuma. Halafu harufu ya kuungua, halafu kimya.

Shida ilikuwa hii. Chukua chupa ya soda, puliza mdomoni mwake: uuuu. Hewa iliyo kwenye shingo ya chupa ni kama uzito, hewa ya ndani ni kama springi, na hizo mbili zinatoa noti moja. Boksi yenye poti ni chupa tu. Paipu ikiwa ndefu, noti inashuka. Ikiwa pana bila kuongezwa urefu, noti inapanda. Kwenye ile noti na juu yake kidogo, hewa inasaidia spika na koni haihangaiki sana. Chini ya hapo, boksi inaacha kuishikilia koni. Inapepea tu kama shati kwenye kamba.

Boksi yangu ilikuwa lita 60. Bomba la inchi 4 lenye urefu wa sentimita 4 linaiweka noti karibu Hz 59. Sasa, uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne ni kama Hz 41. Yaani besi zote nilizozipenda zilikuwa chini ya mahali boksi yangu ilikuwa inaweza kulinda spika. Nilikuwa naiua kila nikiongeza sauti.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Kipenyo cha ndani cha paipu kwa sentimita, kizidishe chenyewe, halafu mara 23,562.5. Gawanya kwa Hz unazotaka mara Hz tena mara lita za boksi. Utakachopata, toa 0.732 mara kipenyo. Huo ndio urefu wa paipu moja. Kwa lita 60 na Hz 35, paipu ya sentimita 10 inataka urefu wa karibu sentimita 25. Si 4. Na hizo lita ni baada ya kutoa nafasi inayoliwa na sumaku ya spika na paipu yenyewe.

Mjanja ataniambia, "Basi niweke ya inchi 3, inataka sentimita 12 na nusu tu." Ni kweli, noti ni ileile. Lakini hewa ileile inapita kwenye njia nyembamba, kwa kasi ya karibu mara 1.8. Ukiongeza sauti utasikia fuuu fuuu kama mtu anazima mshumaa. Hiyo si besi bana.

Kwa hivyo maoni yangu, na mnaweza kunitusi: achana na vile vibomba vya kung'aa. Nenda hadwea, nunua paipu ya PVC ya maji taka ya inchi 4. Ndiyo, ile ya choo. Hakuna mtu atainusa. Pima upana wa ndani mwenyewe. Ikate ndefu kuliko hesabu, kwa sababu kupunguza unaweza, kurefusha huwezi. Piga kingo zote mbili msasa zikuwe mviringo, hewa ipite bila kelele.

Usiigundishe bado. Ishikilie na tepu, cheza toni za chini kutoka kwa simu kwa sauti ndogo, na uangalie koni. Pale inapotikisika kidogo zaidi ndipo noti ya boksi yako ilipo. Ikiwa chini ya ulichotaka, kata kidogo. Ukiridhika, gundi na silikoni pande zote, kwa sababu mwanya mdogo unapiga mluzi.

Na mwisho wa paipu usikaribie ukuta wa nyuma. Acha nafasi ya angalau upana wa paipu yenyewe. Boksi yangu ilikuwa na kina cha sentimita 30, kwa hivyo ya 25 ingebaki na 5 tu. Nikaiingiza kutoka ubavuni, ikalala kwenye ule upande wa sentimita 50. Ukikosa pia hapo, weka kona ya paipu na upime urefu katikati ya njia. Ukikosa kabisa, funga boksi, usiweke poti yoyote. Besi itapungua kidogo, lakini boksi iliyozibwa inashika koni hadi chini. Mimi naona hiyo ni bora kuliko tundu la kubahatisha.

Nilirudi kwa yule fundi na boksi mpya. Akaangalia paipu ya choo, akacheka hadi akakaa chini. Halafu nikaweka ule wimbo uliochoma spika ya kwanza. Akanyamaza, akatafuta penseli sikioni, akasema, "Kijana, hebu rudia hiyo hesabu polepole," akaanza kuandika kwenye ubao.