NDAGO SI KAZI YA ADHABU

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu huliona apitapo mbele ya madarasa, yaani ndago zilizoingia katika uwanja wetu wa ukoka. Wazazi wengi nao wanazo mbele ya nyumba zao, kwa hiyo natumaini hawatachoka kunisoma.

Kwanza yafaa tumjue adui. Ndago hufanana na nyasi, lakini si nyasi. Ukilizungusha bua la ua lake baina ya vidole utaona lina pembe tatu, hali bua la nyasi ni la mviringo. Nguvu yake haiko juu. Chini ya ardhi ina viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kwa mizizi myembamba, mfano wa shanga katika uzi. Vingi vimo katika sentimita 15 za juu, na vingine hushuka zaidi. Kiazi kimoja kikichipua, vingine vya uzi ule ule huweza kulala kimya. Uzi ukikatwa, vile vilivyolala huamka na kuota kila kimoja peke yake. Mwaka 1977 LeRoy Holm na wenzake walitoa kitabu juu ya magugu mabaya kupita yote duniani, wakaiweka ndago mahali pa kwanza. Basi tusidhani kuwa tunapigana na mtoto mdogo.

Sasa tutazame sisi tunafanyaje. Mwanafunzi akichelewa mstarini, au akikutwa akizungumza baada ya taa kuzimwa, hupewa jembe na kupimiwa hatua kumi za ndago, amalize kabla ya kengele ya chakula. Mwenye njaa hatafuti viazi ardhini. Hukwangua juu juu mpaka pawe peusi, kiranja hutazama, naye huenda zake. Mvua ikinyesha, palipokuwa na shina moja pana matano. Kwa njia hii kila mkosaji huongeza ndago, na ndago zikiongezeka adhabu nazo hazikosi mahali. Huku ni kupanda, wala si kupalilia.

Nimesikia wengine wakisema kwamba shabaha ya adhabu ni mtu achoke, si uwanja usafike. Mimi sikubali. Mchovu anaweza kuchota maji au kusugua masufuria, na kazi hizo zikiisha zimekwisha. Lakini kuna ubaya mkubwa zaidi. Tangu mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alipotoa maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea, twafundishwa kwamba kazi ya mikono ni sehemu ya elimu. Je, kijana aliyekutana na jembe siku za makosa tu, ataliheshimu atakapofika kwao? Ataliona kuwa ni alama ya aibu, na mzazi wake akimwambia, "Mwanangu, shika jembe," atauliza amekosa nini.

Kwa hiyo napendekeza kazi ya ndago iondolewe katika adhabu na kupewa mabweni. Kila bweni lipimiwe kipande chake kwa kamba, likitunze muhula mzima, na kipande bora kitangazwe siku ya wazazi. Njia yenyewe ni hii. Chimbeni kwa uma wa bustani wakati udongo una unyevu kidogo, msikate kwa jembe. Inueni bonge zima, mlipukute, mwokote kila kiazi. Msivitupe shimoni pamoja na mbolea, maana vitaota huko na kurudi na mbolea ile. Vianikeni juu ya bati katika jua kali mpaka vikauke kabisa, kisha vichomeni.

Baada ya hapo rudini kila wiki mbili mng'oe machipukizi yaliyobaki. Chipukizi changa huishi kwa chakula kilichomo ndani ya kiazi. Likipata muda wa kukuza majani, litatengeneza viazi vingine, lakini likiondolewa mapema kila mara, kiazi hudhoofika mpaka kinakufa. Wahenga walisema, chovya chovya yamaliza buyu la asali.

Penye ndago nyingi mno kupita ukoka, afadhali kupanda viazi vitamu kwanza. Ndago haipendi kivuli, na majani ya viazi vitamu hufunika ardhi vizuri. Siku ya kuvuna tutachimba tena, tutaokota ndago zilizosalia, na jikoni watapata mboga ya matembele na viazi vya kuchemsha. Ndipo tupande ukoka, tukiusongamanisha pasibaki mahali patupu. Na mtu akileta udongo kutoka penginepo, auchekeche kwanza, kwa kuwa ndago nyingi hufika nyumbani ndani ya toroli la udongo.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba ndago zitakwisha kwa muhula mmoja. Kazi hii yataka misimu kadhaa, na sisi wa Kidato cha Nne tutakuwa tumekwisha ondoka kabla ukoka haujafunga. Lakini miembe tunayokaa chini yake wakati wa mapumziko ilipandwa na watu wasiotujua. Yafaa nasi tuwaachie wadogo zetu uwanja wa kuchezea, tusiwaachie hatua kumi za adhabu.

Haya ndiyo maoni yangu. Mwalimu au mwanafunzi mwenye mawazo mengine namkaribisha anijibu katika toleo lijalo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne