Kosa la data lizibwe linakoanzia

Kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani ilipovunjwa mwaka 1984, ilianza kuzilipa kampuni za simu za mikoani ili simu za masafa marefu zifike majumbani. Ankara zilikuja na makosa, ikabidi pawe na watu wa kuzikagua. Thomas Redman, mwanatakwimu wa maabara za Bell, alishikilia kwamba ukaguzi huo hautakwisha kamwe mradi anayeandika ankara hajui anakosea wapi. Arudiwe yeye, aelezwe mpokeaji anahitaji nini, na kosa lizibwe palepale.

Tangu hapo Redman ameifanya hoja hiyo kuwa kazi ya maisha yake. Kipimo chake hakihitaji mtambo wowote: chukua rekodi 100 za karibuni, chagua vipengele 10 hadi 15 vya maana, keti na watu wanaoijua kazi, tia wino mwekundu penye kosa, kisha hesabu rekodi zilizobaki safi. Mwaka 2017, yeye na wenzake wawili walitangaza matokeo ya mameneja 75 nchini Ireland waliojipima hivyo: ni 3% tu waliofikia kiwango cha kuridhisha. Mameneja 75 ni wachache mno kuizungumzia dunia nzima. Thamani ya kipimo iko kwingine: mkuu wa idara anaziona rekodi zake mwenyewe zikijaa wekundu, wala hana wa kumsingizia.

Kwetu Tanzania bado tunamsingizia mtu wa TEHAMA. Lakini mfumo unaweza kukataa nafasi iliyoachwa wazi; hauwezi kujua kwamba karani, kwa kukosa tarehe ya kuzaliwa ya mama aliye mbele yake, ameandika Januari 1 ili fomu ipite.

Mwaka 2016 Tanzania iliondoa kwenye orodha ya mishahara watumishi hewa zaidi ya 10,000. Uhakiki ule ulistahili kufanyika, na palipo na wizi sheria ichukue mkondo wake. Hata hivyo, mtumishi anapofariki au kuacha kazi na mwajiri asitoe taarifa, jina lake linaendelea kulipwa. Ukihakiki bila kumbana anayepaswa kutoa taarifa hiyo mwezi uleule, utalazimika kuhakiki tena.

Hapa namwongezea Redman jambo moja. Mtazame muuguzi wa zahanati: amehudumia foleni tangu asubuhi, na sasa anajaza vitabu vya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), mgonjwa yuleyule kwenye rejista zaidi ya moja. Mwisho wa mwezi anajumlisha kwa mkono na kupeleka ripoti wilayani. Akipigiwa simu ni kuulizwa kwa nini jumla hazilingani, basi anazilinganisha, na tarakimu zinapendeza huku zikiwa zimeuacha ukweli nyuma. Kumwita kwenye semina ya ubora wa data ni kumwonea. Kwanza apunguziwe safu zisizotumiwa na mtu yeyote. Pili, wilaya imrudishie takwimu zake zikiwa na jibu ndani yake: dawa kiasi hiki zimeletwa kwa sababu uliandika wagonjwa kadhaa wa malaria. Waganga wakuu wa wilaya wanaweza kulianza hili kwenye kikao kijacho cha kupitia ripoti, bila kusubiri bajeti.